Asumini Haipendi Mikono ya Vitunguu

Jumapili, mwisho wa Oktoba. Uyole, Mbeya.

Upepo umebeba vumbi tangu asubuhi na mvua bado ni habari ya redioni. Nimeshuka kwenye basi la Iringa saa tisa alasiri, miguu imevimba, roho imevimba zaidi. Kabla sijaingia ndani nimepita kitaluni kuhesabu vyungu vya asumini. Ishirini na viwili. Vyote vipo, vyote vya kijani, vyote vimebaki vipara bila ua hata moja, kama vichwa vya watoto walionyolewa siku ya kufungua shule.

Nina wivu.

Naandika neno hilo mapema kabla sijaanza kujipamba. Humu huwa naandika habari za udongo, samadi, na namna ya kukinga miche na baridi ya Juni, na nyinyi mnaosoma mnaniambia nina akili. Leo sina akili. Nina wivu, na ninayemwonea ni mke wa mdogo wangu, mwanamke ambaye hajanikosea hata mara moja. Ndiyo inayoniuma. Angenikosea walau ningepata pa kushika.

Anaitwa Rahma. Ni Mhehe wa Kilolo, alizaliwa Mlutheri akiitwa Tumaini, akasilimu alipoolewa na mdogo wangu Idrisa, akaja kuishi kwa mama yetu pale Ipogolo, bondeni, chini ya mlima wa mji wa Iringa. Alipofika alikuwa hajui kikuba ni nini. Mama akamfundisha. Leo Ipogolo nzima ukitaja kikuba umemtaja Rahma.

Kwa asiyejua: kikuba ni kifungu cha maua yanayonukia anachobandika mwanamke kifuani siku ya shughuli. Kwetu ni asumini, vijani vya mrehani na petali za waridi jekundu. Bibi yake mama alikuja na mambo hayo kutoka Pwani. Mkadi, mti wa Pwani wenye maua ya kunukia, ulipokataa kuota huku kwetu, ukoo haukuacha, ulipunguza tu viungo. Na juu ya vikuba kuna koja, mkufu wa asumini tupu, anaovikwa bibi harusi.

Mimi ndiye binti wa pekee wa mama. Mtoto wa kwanza. Sikufundishwa.

Baba alifariki nikiwa na miaka kumi na minne. Idrisa alikuwa na sita. Nikapelekwa kwa mama mkubwa, Ruaha Mbuyuni, kwenye vitunguu. Kazi yangu ilikuwa kupukusa maganda makavu, kuchambua vikubwa na vidogo, kufunga magunia na kusimama barabarani malori yakipita. Kila Ijumaa ya pili nilipanda gari nikarudi Ipogolo na chakula cha nyumba. Nilifanya hivyo miaka sita. Gawanyeni wenyewe: ni Ijumaa mia moja na hamsini na ushee.

Na kila nilipofika alasiri, mama yuko mkekani nyuma ya nyumba, chini ya kichaka cha asumini, sinia la matumba meupe mapajani, sindano mkononi. Harufu ile ilinipokea kabla ya mama mwenyewe. Mpaka leo nikisema "nyumbani" pua yangu inasikia asumini, maji ya beseni na khanga iliyoanikwa juani.

Nikinyoosha mkono nishike tumba moja tu, mama anausukuma kwa kiwiko.

"Toa mikono hiyo. Asumini inanyonya kila harufu. Ukiishika wewe, bibi harusi wa watu atanuka mchuzi."

Majirani waliangua kicheko. Nami nilicheka, maana ukiwa na miaka kumi na minne ukichekwa unacheka. Lakini ile sentensi nililala nayo, nikaamka nayo, nikahamia nayo Mbeya, nikafungulia nayo kitalu. Mtu mwingine akiniuliza mtaji wangu ulikuwa nini, nitamdanganya. Mtaji wangu ulikuwa kiwiko cha mama.

Kisha likaja kosa langu, hili nililifanya kwa mikono yangu mwenyewe. Baba yake Shamsa, binti yangu, alipoondoka (yuko Rujewa na mashine yake ya mpunga na mke mwingine, kwa huyo simwonei mtu wivu), nilikuwa ndiyo kwanza nachimba mashimo ya mawaridi hapa Uyole, nalala kwenye banda la nailoni. Nikampeleka mtoto Ipogolo asome. Nilisema mwaka mmoja. Alikaa kumi na moja.

Akarudi likizo ya kwanza, nikamkumbatia. Nywele zake zinanuka asumini.

Nilimwogesha siku hiyohiyo. Mara mbili. Sijawahi kumwambia mtu.

Akawa na mama wawili: mama wa Mbeya, ndiye mimi, na mama wa Ipogolo, ndiye Rahma. Anatutaja hivyohivyo, bila ubaya, kama anataja vituo vya basi. Mama wa Mbeya ni ada, viatu, godoro, simu. Mama wa Ipogolo ni nywele kusukwa na homa kukeshewa. Hesabu zangu ziko sawa kabisa, sikukosa muhula hata mmoja. Lakini hakuna mtoto anayenusa ada akakukumbuka.

Miaka tisa iliyopita nikachukua vipande vinne vya kile kichaka cha mama, nikavifunga kwenye gazeti lenye maji, nikaja navyo Uyole. Vitatu vilikufa kwa baridi. Cha nne nikakilaza ndani ya banda la nailoni, usiku nakifunika gunia kama mtoto. Kutoka hicho kimoja nimezalisha vyungu ishirini na viwili. Wateja wanaviulizia kila wiki. Siuzi. Nilikuwa navitunzia siku moja tu.

Siku yenyewe ilikuwa jana.

Shamsa ameolewa na kijana wa Iringa, mwalimu, mtaratibu, anachelewa kuongea lakini akiongea umefaidika. Sina neno. Shughuli ikawa Ipogolo, ndiko rafiki zake waliko. Sina neno hapo pia, ingawa nilikaa siku nne ndipo nikasema sina neno. Mwezi uliopita akanipigia simu, nikamuuliza maua itakuwaje.

"Mama usijisumbue. Vikuba na koja atanifungia mama wa Ipogolo."

Alisema kama mtu anayesema jua litachomoza mashariki.

Nikamwambia, sawa, lakini asumini natoka nayo mimi. Asumini yangu. Akasema, jamani mama, si ipo hapa uani? Nikamwambia natoka nayo.

Mama akiwa hai, koja lake lilikuwa tumba mia na ishirini, na kila kikuba arobaini. Nilikuwa nayahesabu kwa mbali, kwa kuwa kuhesabu hakuachi harufu. Vikuba vinne vya bibi harusi na koja moja: mia mbili na themanini. Ijumaa alasiri nikachuma mwenyewe, chungu kwa chungu. Nikapata mia mbili themanini na sita. Ziada sita. Niliona ni jibu la dua.

Sasa hapa panahitaji maelezo. Asumini huchumwa alasiri, tumba limejaa, jeupe, bado limefumba. Likishachumwa linafumbuka jioni hiyohiyo, na harufu inatoka likiwa mwilini mwa aliyelivaa. Ukichuma asubuhi yaliyokwishafumbuka umechuma maiti. Mimi nilichuma Ijumaa, bibi harusi anatolewa Jumamosi magharibi. Ilibidi niyazuie yasifumbuke zaidi ya saa ishirini na nne.

Na mimi ni mtu wa mawaridi. Waridi ukitaka lisifumbuke unalipa baridi. Nimesafirisha mawaridi mpaka Dar kwenye deli la barafu, yakafika yamefumba kama ngumi. Kwa hiyo nikatandika chupa za maji zilizoganda chini ya deli, nikayamwaga matumba kwenye kitambaa kibichi, nikaweka chupa nyingine juu, nikafunika.

Atupele, dada ninayefanya naye kazi kitaluni, alisimama mlangoni na beseni lake kiunoni.

"Dada, hivi haya nayo yanapenda baridi? Si ndiyo hayahaya tunayoyafunika magunia?"

"Atupele, nimeanza kusafirisha maua wewe unasoma la pili."

"Haya dada. Ndaga," akanishukuru kwa Kinyakyusa.

Alisema kweli yote kwa sentensi moja. Miaka tisa nimelikinga ua hili na baridi, halafu siku ya siku nikalifungia kwenye barafu. Ningekuwa namsimulia mtu mwingine ningesema huyo mwanamke ni mjinga. Lakini hakuwa mjinga. Alikuwa anaona kitu kimoja tu: uso wa Rahma deli likifunguliwa.

Saa sita na robo mchana jana nikashuka Ipogolo na deli kichwani, sikukubali mtu anipokee. Uani kumejaa. Masufuria, mikeka, kuku, turubai la bluu. Chini ya kichaka cha asumini Rahma amekaa mahali pa mama, mkeka uleule wa mama, miguu imekunjwa vilevile, mikono kapakata juu ya kitambaa cheupe. Anayefunga maua hashiki kitu tangu alfajiri. Hachambui mchele, hashiki samaki, hasogei jikoni. Ndiyo desturi, na kwa desturi hiyo alikuwa kama sultani, watu wanamnywesha hadi chai.

"Kamwene, wifi! Karibu wifi yangu, tulikuwa tunakungoja wewe na asumini zako. Shamsa! Mama wa Mbeya kafika!"

Shamsa akatoka, piko mikononi bado bichi, akanibusu kwa mbali asinichafue. Wanawake wakasogea. Nikaweka deli katikati ya mkeka. Nakiri: nilikohoa kwanza, kama mtu anayetaka kuhutubia.

Nikafunua.

Yalikuwa ya kahawia. Yote. Kahawia ya majani ya chai yaliyokwishachujwa, mengine yameganda kwenye chupa, mengine yamelegea kama kucha za mtu aliyekaa majini. Nikainama kunusa. Harufu ya kitambaa kibichi.

Tulikuwa wanawake kumi na tisa uani, nilikuwa nimeshatuhesabu, na sote tuliinamia deli. Kisha mmoja akasema taratibu, "Si hayo ya hapo juu yapo?" Wote wakainua macho. Kichaka cha mama kimejaa juu ya vichwa vyetu, matumba meupe kama mtu kamwaga mchele. Alasiri ilipoingia nikachuma mimi, maana kuchuma kunaruhusiwa kwa kila mtu. Nilihesabu. Huwezi kunikataza. Mia tatu na kumi na moja.

Kichaka kimoja cha mama, kisichofunikwa gunia wala kuwekewa nailoni, kimenipita mimi na vyungu vyangu ishirini na viwili kwa tumba ishirini na tano.

Rahma alinipokea sinia. Akasema polepole, nisikie peke yangu, "Wifi, pole. Mimi mwaka wa kwanza niliyaweka kwenye maji ya moto. Mama alinicheka mwezi mzima."

Alitaka kunifariji. Nilichosikia mimi ni kwamba yeye alichekwa akaendelea kufundishwa.

Nikaenda kukaa ukutani, mbali, nimelikumbatia deli langu. Shangazi yetu Bi Mwajuma, mkuu wa jikoni, ambaye sauti yake inafika mpaka barabara kuu, akatokeza na mwiko.

"Nataka mtu wa vitunguu! Gunia zima limekaa, pilau inanisubiri! Mama Shamsa, wewe si ndiye mwenyewe wa vitunguu? Njoo, mkono wako unavijua!"

Wakacheka. Cheko lilelile, uani palepale. Nina miaka arobaini na saba, naandikia watu risiti zenye muhuri wangu, lakini jana alasiri nilikuwa na kumi na minne. Nikataka kusimama, maana mtu akikuita kwa kazi unayoijua utasimama tu. Niliona maisha yangu yatakavyokwisha: mwanangu anavikwa harufu na mwanamke mwingine, mimi jikoni namenya.

Rahma akainuka kabla yangu.

Alikuwa karibu na gunia kuliko mimi. Hatua nne. Akakaa kwenye kigoda, akachukua kisu, akakata kitunguu cha kwanza katikati kwa mikono iliyokuwa imetunzwa tangu alfajiri.

"Rahma! Mikono!" Bi Mwajuma akapiga yowe kama kaona nyoka.

"Umeita mtu wa vitunguu, shangazi. Nimekuja."

"Wewe mwanamke una wazimu? Nani atafunga maua?"

Rahma akachukua cha pili. Machozi yameshaanza kumtoka, akayafuta kwa nyuma ya mkono, akazidi kujipaka. "Mimi sasa nanuka, jamani. Mtafute mwingine asiyenuka."

Shamsa alikimbia na piko lake. "Mama wa Ipogolo! Mbona hivyo? Jua linashuka!" Sauti yake ilikuwa imeanza kukatika. Kisha akanigeukia mimi pale ukutani, na sitaisahau ile sura. Haikuwa ya dharau, ingekuwa ya dharau ningeiweza. Ilikuwa ya mtu aliyeishiwa.

"Mama, wewe... unaweza?"

Nimeulizwa maswali mengi na mabenki, na wenye viwanja, na wanaume wenye malori. Hakuna lililonikausha mate kama hilo. Nikamjibu kwa ninachokijua.

"Koja mia na ishirini. Kikuba arobaini mara nne. Nina mia tatu na kumi na moja, kwa hiyo naruhusiwa kuharibu thelathini na moja. Leta sindano."

Ulikuwa ndio mtihani wenyewe, na kazi hiyo nilikuwa naijua kwa kuangalia tu. Nikaenda kwanza kunawa. Mikono yangu haikuwa na kitunguu hata kimoja, lakini nisingeishika asumini ya mama bila kunawa. Pale nyuma, kwenye beseni, kuna ndimu iliyokatwa na jivu kwenye kopo. Nikasugua. Harufu ya ndimu na jivu ikanipanda puani, nikaacha kusugua.

Maana mama alikuwa ananinawisha.

Nilikuwa nimelisahau, au niliona halina pa kuingia katika hesabu zangu nikaliacha nje. Kila Ijumaa ile, kabla ya chakula, mama aliweka sinia chini, akanivuta mpaka kwenye beseni, akanisugua kwa ndimu na jivu, kidole kwa kidole, vyote kumi, mpaka kwenye kucha. Kisha anavipeleka puani kwake. Anatulia. Anasema, "Bado." Halafu ananiachia. "Tutaona Ijumaa ijayo."

Mimi nilibeba "toa mikono" miaka thelathini na tatu. "Tutaona Ijumaa ijayo" nililiacha kwenye beseni.

Sisemi kwamba inafuta. Jumatatu nilirudi Mbuyuni, na Ijumaa ya pili mikono ikanuka tena, na ndivyo ilivyokwenda mpaka alipokuja mwenye mikono safi akakuta mkeka umekunjuliwa. Mama alitaka, nafasi haikupatikana, mwingine akaipata. Mtu anaweza kuonea wivu hata hilo. Mimi naweza.

Nikanusa vidole vyangu mwenyewe. Nikakaa mkekani.

Nilikuwa mbaya. Matumba tisa ya kwanza niliyatoboa tumboni. Rahma, toka kwenye vitunguu vyake, macho mekundu, hakuniacha nipumue.

"Wifi, kwenye shingo! Sindano ipite shingoni, siyo tumboni!"

"Naona, Rahma."

"Unaona lakini unachoma tumbo!"

"Nilikuwa naangalia hii kazi wewe bado unaimba kwaya Kilolo!"

Uani kukaangua kicheko, na yeye akacheka mpaka kisu kikamdondoka. Mara hii na mimi nilicheka kwa hiari.

Nilimaliza jua likiwa limekaa juu ya mlima. Niliharibu ishirini na nane, yalibaki matatu. Koja lilitoka sawa. Vikuba vitatu sawa. Kimoja kilikaa upande, kimenenepa kushoto kama shavu la mtu anayeumwa jino. Shamsa akaja, akasimama mbele yangu. Nilimvika. Nilibandika mwenyewe kile cha upande juu ya moyo wake, maana cha kwanza kufunga kilikuwa hicho. Akainamisha kidevu, akanusa. Alifumba macho kama alivyokuwa anafumba nikimwogesha.

Matumba yakaanza kufumbuka pale alipotolewa. Nilikuwa nimesimama mita mbili, nikayasikia.

Sasa nifike kwenye wivu wangu wa leo, maana mtadhani umekwisha.

Mama mkwe wake akamsogelea bibi harusi, akavuta hewa, akatangaza: "Hii ndiyo mikono ya Rahma! Nilisema mimi, Ipogolo nzima hakuna mwingine!"

Rahma, toka nyuma na sinia la pilau: "Siyo mimi, mama. Mimi leo ni wa vitunguu. Huo ni mkono wa mama yake."

Mama mkwe akaangalia tena. "Kumbe? Ndiyo maana hiki kimekaa upande."

Sijawahi kufurahia kulaumiwa namna hiyo. Kilikuwa kibaya na kilikuwa changu.

Lakini leo kwenye basi, kuanzia Mafinga mpaka hapa, nimekuwa napiga hesabu moja tu. Wanawake kumi na tisa uani. Mmoja ni mimi, mmoja ni Rahma. Kumi na saba waliobaki wangeweza kukata vitunguu bila kuharibu kitu chochote duniani. Akaenda yeye. Hakuniuliza, hakunikonyeza, wala hakuja baadaye kuniambia "umeona nilivyokufanyia?" Nilipomuaga asubuhi nikataka kumsikia akilisema. Akaniuliza kama nimepata nafasi ya dirishani.

Mimi nimetunza vyungu ishirini na viwili miaka tisa, sijauza hata kimoja, ili siku moja nimnyang'anye mkeka. Yeye aliutoa kwa hatua nne.

Hata kutoa kanishinda. Nami nimekaa hapa jioni hii namwonea wivu huo pia. Je, mtu akionea wivu wema wa mwenzake, ni wivu uleule au ni kitu kingine kilichovaa nguo zake? Sijui. Kwenye miche najua: mche unaotamani jua unapinda kulifuata, na mwisho wake unakua.

Atupele amepita hapa mlangoni sasa hivi. "Dada, asumini zilifikaje?" Nimemwambia zilifika zimekufa, na kwamba alisema kweli, na kwamba achague chungu kimoja akakiweke kwake. Ameniangalia kama nina homa.

Nimenusa vidole vyangu. Asumini imeshatoka, inakaa siku moja tu. Kitunguu ndicho kinachokaa. Kitunguu hukaa mkononi siku tatu, na hakuna anayelijua hilo kuliko mimi. Kwa hiyo leo Rahma ananuka kama nilivyokuwa nanuka mimi, na kesho atanuka bado, na kila atakachoshika kitamkumbusha.

Kesho asubuhi nitampigia. Sina maneno ya kumwambia, nimeyatafuta tangu Mafinga.

Nitaanza na habari ya ndimu na jivu. Kidole kwa kidole, mpaka kwenye kucha.